Sahihi ya Mama Sare

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho," alisema Jaji. "Sahihi hii ni yako au si yako?"

Hapo ndipo tulipomwacha Mama Sare Jumamosi iliyopita, msomaji wangu: kizimbani, midomo imemkauka, karani amemsogezea karatasi mpaka chini ya pua, na ukumbi mzima wa mahakama ya biashara unamtazama.

Akaitazama. Alitamani isiwe yake. Lakini ile herufi ya kwanza iliyopinda kama sindano mbovu ilikuwa yake, na pembeni palikuwa na doa la chaki ya buluu, alama ya kidole gumba. Katika watu wote wa kesi ile, ni mmoja tu anayesaini akiwa na chaki mkononi.

"Ni yangu, Mheshimiwa."

Kwenye benchi la mbele shemeji yake alikunja nne, akatabasamu. Mafundi wote wa karakana walimwita Tai, kwa sababu hajawahi kuonekana bila tai shingoni, hata siku walipomzika kaka yake.

"Kwa hiyo uamuzi wa msuluhishi ulikufikia tarehe mbili," alisema Jaji. "Sheria inakupa siku thelathini za kuupinga. Wewe umekuja lini?"

"Siku ya arobaini na moja. Lakini sikuuona, Mheshimiwa! Nimeuona siku ile shemeji alipokuja na kufuli jipya."

"Umesainije kitu usichokiona?"

"Mimi nilisaini majora."

Watu wakacheka. Hata karani alicheka, akajifanya anakohoa.

Kwa aliyejiunga nasi leo, mambo ni haya. Mama Sare anashona sare: za shule, za wauguzi, za walinzi. Karakana aliijenga na mumewe, cherehani moja moja, mpaka zikawa ishirini na mbili. Lakini kwenye mkataba wa biashara waliandikiana wanaume wawili tu, mumewe na Tai, na wakaweka sharti kwamba wakikosana waende kwa msuluhishi, wasipelekane mahakamani. Mume akafa. Tai akadai karakana yote, maana jina la mjane halimo. Msuluhishi akawasikiliza, akasema uamuzi wake utaletwa kwa maandishi.

Ukaletwa. Ukasainiwa. Na Mama Sare akaendelea kushona kola kwa siku arobaini, akiungojea.

Wakili wa Tai akasimama, bonge la mtu lenye sauti laini kama ya daktari wa watoto.

"Mama, umekuwa ukisaini karatasi za karakana kwa miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Katika hiyo kumi na miwili, umewahi kusoma hata moja?"

"Baba, wewe hujui lori la vitambaa," alijibu Mama Sare, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake ikapata nguvu. "Lori haliingii uani. Linasimama barabarani, linaunguruma, dereva anapiga honi kama amefiwa. Majora yanashushwa begani. Mimi nasimama mlangoni, nachora chaki ukutani: jora, mstari; jora, mstari. Yakitimia, mtunza stoo ananiletea hati zote za mzigo, zimebanwa kwenye ubao, zimekunjwa pembe ili nione pa kusaini tu. Nasaini sita, saba, nane, macho yangu yako kwenye majora. Mwizi wa kitambaa haibi karatasi!"

"Kwa hiyo unahesabu majora, huhesabu karatasi."

"Karatasi haishonwi."

"Leo imekushona wewe," alisema wakili, akakaa.

Ukumbi ukaangua kicheko. Jaji akagonga meza.

Hapo Mama Sare akainama, akamnong'oneza wakili wake, kijana mkweli aliyekuwa bado hajamaliza kulipia joho lake. "Mwite mtunza stoo. Aseme nani alimpa ile hati. Yule hawezi kusema uongo mbele yangu."

"Una hakika, mama?"

"Ni mdogo wangu. Nimemlea mimi."

Msomaji, mtunza stoo ndiye Kitinda, kitindamimba wa mama yao. Mama yao alifariki Kitinda akiwa na miaka tisa, na Mama Sare akambeba, akamsomesha, akamkabidhi funguo za stoo ambazo hata mumewe hakuwahi kuzishika. Mbele za watu Kitinda alimwita dada. Wakiwa wawili alimwita mama.

Mlango ukafunguliwa. Kitinda akaingia na gauni jipya, nywele zimesukwa, macho chini. Akaapa. Wakili kijana akamwuliza kwa upole.

"Hati ya msuluhishi ilikuwa katikati ya hati za majora, ndivyo?"

"Sivyo."

Wakili akadhani hakusikia vizuri. "Ulimpelekea dada yako ubao, na hati hii ilikuwa humo. Ndivyo?"

"Sivyo. Nilimpa hiyo peke yake, ofisini. Ilikuwa kwenye bahasha yenye muhuri. Nikamwambia, dada, hii imetoka kwa msuluhishi. Akaisoma yote. Akasema, waache wangoje. Akasaini."

"Kitinda!" Mama Sare alisimama kabla hajajua amesimama. "Mimi?"

"Kaa chini, mama," alisema Jaji.

"Nitakaaje, Mheshimiwa, na mtoto anazama?"

"Kaa chini, au askari akukalishe."

Akakaa.

"Na doa hili la chaki?" aliuliza wakili kijana, jasho likimtoka. "Bahasha ilifunguliwa ofisini. Chaki ilitoka wapi?"

"Dada anashika chaki hata akilala."

Watu wakacheka tena. Lilikuwa jambo la kweli, jambo la nyumbani, na ndiyo maana liliuma kuliko uongo wote uliolitangulia.

"Swali la mwisho. Wewe na huyu bwana mwenye tai mna uhusiano gani?"

"Ni shemeji wa dada."

"Basi?"

Tai akairekebisha tai yake. Kitinda akatazama dirishani.

"Na ni mchumba wangu."

Jaji hakwenda hata kunywa maji. Alisoma uamuzi wake palepale, bila kuinua macho, kama mtu anayesoma ratiba ya treni.

"Mahakama haina dawa ya mtu mzima aliyesaini. Tukimsikiliza kila asiyesoma, hakuna mkataba utakaosimama. Maombi yamechelewa kwa siku kumi na moja. Yametupwa. Uamuzi wa msuluhishi sasa ni amri ya mahakama hii: karakana, cherehani zake zote na jina la biashara ni mali ya mdai tangu siku aliyofariki kaka yake."

Mama Sare alisikia "cherehani zake zote" akaanza kuzihesabu kichwani, moja moja, na fundi wa kila moja. Hakufika mwisho.

"Limebaki suala la sarafu za mtandaoni," Jaji aliendelea. "Marehemu aliweka sehemu ya faida ya karakana huko. Hazina benki wala meneja wa kumpigia simu. Mkoba wake unafunguliwa kwa maneno kumi na mawili ya siri, na mjane anayajua. Mwezi uliopita niliamuru mtu asiziguse. Leo naamuru zitolewe. Mama, saa tisa alasiri utayaandika maneno hayo ofisini kwangu. Usipoyaandika, umeidharau mahakama. Ukiwa umezihamisha, umeidharau zaidi."

Nje, kwenye ukumbi mrefu wenye mabenchi ya mbao, Tai alikuwa akipokea pongezi kama bwana harusi. Alipomwona Mama Sare alimfungulia mikono.

"Shemeji! Usinune. Jumatatu saa mbili uje kazini, sare za wauguzi hazijakwisha. Nitakuachia cherehani moja. Ile inayoruka mishono."

"Tai, watoto wa kaka yako wanalala juu ya karakana ile."

"Watazoea kulala kwingine. Watoto hawana mambo mengi."

Aliyejibu ni mwanamke mwembamba aliyekaa benchi la pili, faili mapajani, miwani puani.

"Samahani. Mwenye karakana ni nani?"

"Mimi," alisema Tai, akageuka kwa madaha.

"Tangu lini?"

Wakili kijana alimfinya Mama Sare mkono. Anyamaze.

"Tangu kaka alipofariki, miaka mitatu. Jaji ameshasema. Ukitaka kamwulize."

"Sina haja. Nilikuwa nimekaa nyuma nasikiliza." Akafungua faili. "Natoka ofisi ya kodi. Miaka mitatu tumeshindwa kujua tumdai nani, kila tukiuliza tunaambiwa kuna kesi. Sasa tumempata. Kodi ya karakana ya miaka mitatu, na ya sarafu kwa jinsi zilivyopanda bei, na faini ya kuchelewa. Siku kumi na nne. Usipolipa tutaonana chumba cha jinai, ghorofa moja chini."

Akamkabidhi karatasi. Tai akaisoma, na rangi ya uso wake ikakimbia.

Mama Sare akahisi kicheko kinamtekenya kooni. Mungu si Athumani! Mtu kapigania mzigo miaka mitatu, leo kabebeshwa na mzigo wa mzigo.

Lakini subiri, msomaji. Tai naye si wa kutoka jana.

Aliikunja ile karatasi, akatoa nyingine mfukoni mwa koti. "Afisa, usijichoshe nami. Soma hii. Wiki iliyopita niliandika kwamba nikishinda tu, karakana yote, pamoja na madeni yake, inakwenda kwa mchumba wangu. Zawadi ya ndoa. Sahihi yake hiyo hapo."

Kitinda alikuwa amesimama nyuma yake na mkoba begani. Akasogea.

"Madeni? Madeni gani?"

"Hukusoma?"

"Uliniambia ni karatasi za ukumbi wa harusi!"

"Na za ukumbi zilikuwemo."

"Zilikuwa nyingi. Mpambaji alikuwa kwenye simu, ukaniambia saini upesi, na..." Kitinda akamwangalia Tai kama anayemwona leo. "Ulizikunja pembe."

"Mwalimu wangu si wewe, mpenzi?"

Hakuna aliyecheka safari hii.

"Hilo linaweza kupingwa," alisema wakili kijana, japo hakuna aliyemlipa aseme.

"Pingeni," alisema afisa wa kodi, akiandika jina la Kitinda juu ya faili kwa herufi kubwa. "Ila sheria inataka mlipe theluthi kwanza, ndipo mpinge. Dada, sahihi ya kupokea, hapa."

Kitinda alisaini. Kisha akageuka. "Dada."

"Usiniite."

"Saa tisa wape yale maneno, dada. Wape tu, yaishe."

Mama Sare akampita kama anavyopitwa mtu asiyefahamika, akaenda kukaa mwisho kabisa wa ukumbi.

Wakili wake alimfuata na chupa ya maji. "Sikiliza, mama. Njia moja imebaki. Rufaa. Ukishaandika yale maneno leo, kesho asubuhi naikata. Ushahidi wa mchumba, mkataba wa zawadi, zile pembe zilizokunjwa: tunayo ya kusema, na karakana inaweza kurudi. Lakini anayeidharau mahakama hasikilizwi na mahakama ya juu yake. Ukikosea leo, karakana umeizika."

"Sitakosea. Nimechoka kukosea."

Saa tisa kamili walikuwa ofisini kwa Jaji: Tai na wakili wake, Kitinda mlangoni, askari wa kike, na mtaalamu wa kompyuta wa mahakama. Mama Sare akapewa kalamu. Akaandika bila kusita. Maneno ya kawaida tu, jina la mnyama, jina la tunda, hili na lile, yasiyo na maana yoyote mpaka yapangwe kwa mpangilio wake.

Mtaalamu akayaingiza. Kompyuta ikafikiri. Mkoba ukafunguka.

Tai akainama mpaka tai yake ikagusa meza.

"Hamna kitu," alisema mtaalamu.

"Hamna kitu vipi?"

"Sufuri. Zimehamishwa zote siku tisa zilizopita. Kwa maneno haya haya. Zilikokwenda hakuna jina, ni namba tu."

"Mwizi!" Tai alikisukuma kiti kikagonga ukuta. "Mheshimiwa, umemwona mwizi? Anatuandikia maneno kumbe kashakomba!"

"Sijazigusa!" alisema Mama Sare. "Mheshimiwa, kwa watoto wangu, sijazigusa!"

Jaji akavua miwani. "Siku tisa zilizopita amri yangu ilikuwa na wiki tatu. Mama, fikiri kabla hujanijibu. Nani mwingine anayajua maneno haya?"

Na hapo, msomaji wangu, damu ya Mama Sare ikasimama.

Kwa maana alikumbuka. Miaka minne nyuma, asubuhi ya kujifungua mtoto wa pili, daktari alimwambia watampasua na hali si nzuri. Mumewe alikuwa safarini. Aliyekuwa kando ya kitanda ni Kitinda. Mama Sare alimshika mkono, akamfundisha yale maneno kumi na mawili, akamrudisha mwanzo kila alipokosea, mpaka akayasema kama mtoto asemavyo jedwali la kuzidisha. "Nisipotoka humo, watoto ni wako," alimwambia.

Akageuza macho mlangoni.

Kitinda alikuwa mweupe kama kitambaa kisichotiwa rangi. Midomo ilimcheza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeng'ang'ania pindo la gauni, ukilifinyanga, vilevile alivyolifinyanga siku ile, akiwa na miaka tisa, walipomwambia mama haamki.

Ni yeye, Mama Sare akajiambia. Ni yeye kazichukua. Amejua Tai atamgeuka, akajiwekea akiba.

"Mama," alinong'ona wakili wake, "kama kuna mtu, mtaje. Nakuomba. Rufaa."

Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Kulitaja ni haki yake. Yule alimwuza asubuhi ile ile, mbele za watu, kwa gauni jipya. Lakini Kitinda akitajwa, atakuwa na wizi, na kiapo cha uongo, na kodi ya miaka mitatu. Atatoka ndani na mvi. Yeye Mama Sare atakuwa na kosa moja tu.

Wahenga walishasema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Walisema kweli. Ila wahenga hawakuwa ndani ya chumba kile, wakitazama ule mkono.

"Nakungoja," alisema Jaji.

"Hakuna mwingine, Mheshimiwa. Ni mimi peke yangu."

Wakili kijana akafumba macho.

"Kwa hiyo ni wewe uliyezihamisha."

"Kama Mheshimiwa anavyoona."

"Ziko wapi?"

"Sijui."

"Utapata muda wa kujua. Miezi sita." Jaji akaandika mstari mmoja, akaupiga muhuri. "Na wakili, usihangaike na rufaa ya karakana. Mteja wako amejifungia mlango mwenyewe."

Karakana ikaenda hivyo. Sekunde tano, muhuri mmoja.

Tai akapiga makofi mawili, taratibu, kama mtu aliyeona mchezo mzuri. "Sare sasa utavaa ya kushonewa, shemeji."

Askari wa kike akamshika Mama Sare mkono. Walipofika mlangoni Kitinda akamrukia shingoni, akamkumbatia kwa nguvu, mwili mzima ukimtetemeka. Askari, mama wa watu, akageuza uso kidogo.

Mama Sare akaweka mdomo sikioni kwake. Hasira yote ilikuwa imemwisha, imebaki kazi.

"Watoto wako kwa jirani. Wachukue kabla ya saa kumi na moja. Mdogo halali bila taa, usimzimie. Na hizo sarafu usizirudishe kwa Tai. Lipa kodi, kaa kimya, nilelee wanangu. Nimekubebea, umesikia? Nimekubebea."

Kitinda akaacha kutetemeka. Akajitoa kifuani pa dada yake polepole, akamtazama.

"Umenibebea nini?"

"Usinifanye mtoto, Kitinda. Sarafu."

"Dada." Sauti ilimtoka kama ya mtu aliyekanyaga hewa. "Mimi sikuzigusa. Yale maneno hata Tai sijawahi kumtamkia. Nilikuwa nakutetemekea wewe. Nilijua ni wewe."